Makawa ya Tifutifu

Kuna nchi ambazo mtu huzifikia kwa miguu na nyingine huzifikia kwa masikio. Hii ya leo mimi nimeifikia kwa masikio tu. Aliyeifikia kwa miguu ni Mkawasi, na ninyi mtaifikia mkikaa vizuri mkanyamaza kidogo.

Mkawasi alikuwa mwanamke wa milimani, kazi yake kuwaongoza wageni mbugani na kuwasomea nyayo mchangani. Akiinama kidogo tu alikwambia huyu ni swala, alipita mbio, na aliyekuwa akimkimbiza alikuwa akichechemea. Udadisi ndio uliokuwa ugonjwa wake. Ukimwambia nyuma ya kilima kile kuna kitu, hata kama umesema kwa mzaha, keshavaa viatu. Kwa hiyo aliposikia kwamba ng'ambo ya majangwa kuna nchi iitwayo Tifutifu, ambako watu wanaheshimu nyayo za wanyama kuliko kitu chochote duniani, hakupata usingizi wa maana mpaka alipokwenda. Alipitia wapi, alipanda nini, alikula nini njiani, hayo waulizeni wapenda ramani. Mimi naanzia mpakani.

Mpakani alipokewa na maofisa wawili ambao vichwa vyao vilikuwa juu mno. Alipotazama chini aliona sababu: walisimama juu ya mironjo, zile fimbo ndefu za kutembelea ambazo yeye alizoea kuziona kwenye ngoma na michezo ya watoto. Hawakumuuliza ametoka wapi wala amebeba nini. Walimwambia aketi juu ya meza, avue viatu, awaonyeshe nyayo zake. Mmoja alizikagua kwa makini kama mama anayetafuta mwiba.

"Mgeni, uliwahi kukanyaga Tifutifu kabla ya leo?"

"Sijawahi."

"Vyema. Basi usianze."

Akakabidhiwa mironjo yake. Sasa, mtu mzima kujifunza mironjo mbele ya maofisa ni fedheha isiyo na dawa. Mkawasi alipiga hatua mbili nzuri sana, akajisifu moyoni, na ya tatu ikamwangusha kwa makalio. Filimbi ikapulizwa! Watu walitoka vibandani, wakapima kwa kamba lile shimo aliloliacha mchangani, wakaleta kawa, kawa lile lile la ukindu tunalofunikia chakula mezani, wakaifunika alama ya makalio yake na kuchomeka kibao pembeni: "Mgeni, mwanamke. Alifika ghafla." Mkawasi hakujua acheke au aombe radhi, akafanya yote mawili.

Mwenyeji aliyepewa aliitwa Bi Siwema, mlinzi wa Lango la Mto, mwanamke mrefu hata bila mironjo, mwenye midomo iliyokauka na macho ya mtu anayelala kidogo. Alimsubiri mgeni mpaka miguu yake ilipotulia juu ya fimbo, kisha akampandisha kwenye jukwaa la mawe ili aione Hifadhi Kuu. Mkawasi alitazama, na alichokiona kilimfanya asahau maumivu ya makalio. Jangwa lote, kutoka chini ya jukwaa hadi kwenye milima ya mchanga mwekundu na mpaka macho yanapokomea, lilikuwa limefunikwa makawa. Makawa madogo, makawa makubwa, yamepangwa kwa safu zinazopinda huku na huku. Ungesema ni harusi kubwa ambayo chakula kimeshaandaliwa na wageni hawajafika.

"Chini ya kila moja kuna unyayo," alisema Bi Siwema kwa fahari.

"Kwetu husema funika kombe mwanaharamu apite," alisema Mkawasi. "Huku naona mmefunika, lakini hapiti mtu."

Bi Siwema hakucheka. "Apite kwenda wapi, mdogo wangu? Kila mahali pana unyayo."

Walizunguka kutwa nzima. Watu wa Tifutifu wana njia nyembamba za mbao zilizotobolewa, na ncha za mironjo huingia katika matundu hayo bila kugusa mchanga. Mlinzi hufunua kawa kwa kijiti, mgeni huinama anavyoweza, hutazama, kisha kawa hurudishwa. Mkawasi alionyeshwa unyayo wa choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, umegawanyika vizuri kama maharage mawili. Akaonyeshwa vidole viwili vya mbuni, mburuzo wa tumbo la kenge, na vijishimo vya miguu ya mbawakawa vilivyofunikwa kwa vikawa vya ukubwa wa kikombe. Alifurahi kwa dhati. Nyayo nyingi zilikuwa za kale, nyingine za enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka, na yeye alizisoma kama anayesalimiana na jamaa. Jioni ilipokaribia aliuliza swali ambalo alidhani ni jepesi.

"Na wanyama wenyewe tutawaona saa ngapi?"

"Nyayo zao zote zipo salama."

"Nimeona, na mmezitunza. Nauliza wenyewe."

"Ah, hao!" Bi Siwema alisema kama aliyekumbushwa jamaa mwenye tabia mbaya. "Hao wako nje ya ua. Walikuwa wakiharibu hifadhi."

"Waliharibuje?"

"Walikuwa wanatembea."

Ugenini, mwenye busara hufungua macho kwanza, mdomo baadaye. Mkawasi alikaa Tifutifu, akaona mengine. Aliona kwamba watu wale wanapenda maisha ya porini kupita kiasi. Siku za mapumziko familia nzima hubeba vyakula zikaenda chini ya milima ya mchanga kushindana kuteleza. Bingwa husimama jukwaani, akaelezea jinsi ambavyo angeteleza: hapa ningeinama, hapa ningepiga kelele, hapa upepo ungenipiga usoni. Waamuzi hufumba macho wakimsikiliza. Mshindi wa mwaka ule alikuwa bwana mmoja mnene ambaye hajapata kupanda hata ngazi ya kuezekea, na alishangiliwa mpaka akalia. Wanaopenda kupiga kambi hulala katika vitanda vilivyoning'inizwa kwenye nguzo, na sufuria zao huning'inia, na watoto wachanga wanaoning'inia kwenye vikapu hawagusi ardhi mpaka wapate umri wa mironjo.

Adui wa taifa alikuwa upepo. Palikuwa na wizara nzima ya kupambana naye, yenye maelfu ya mikeka iliyosimamishwa dhidi yake, na waziri wake alikuwa mtu wa kusikitikiwa kuliko wote nchini. Baada ya upepo alifuata ufagio. Kumiliki ufagio kulikuwa na adhabu sawa na kuchoma nyumba. Majumba yao yalijaa mchanga hadi magotini, kwani nani ajuaye, huenda katika mchanga ule mjusi alipita zamani. Mimi nikisikia haya huwashwa mikono, kwetu nyumba isiyofagiwa hata mgeni haingii. Lakini nchi ina wenyewe.

Nyumbani kwa Bi Siwema ndiko Mkawasi alikoanza kuona kwamba mambo si ya kuchekesha tu. Binti yake, Tunu, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza, na mtoto yule alikuwa hajaogeshwa tangu azaliwe. Alipanguswa tu kwa kitambaa kilicholazwa nje kikapata umande. Maziwa ya Tunu yalikuwa yanakatika. Mtungi mlangoni ulikuwa mkavu mpaka umepasuka shingo.

"Maji mnateka wapi?" aliuliza Mkawasi.

"Mtoni," alisema Bi Siwema. "Yaani, tulikuwa tunateka. Mto ni wa mchanga, maji yako chini. Siku hizi yamezama. Baraza linasema ni kwa sababu heshima ya nyayo imepungua, kwa hiyo yameagizwa makawa zaidi."

Na kila asubuhi, kabla ya kazi, walisimama juu ya mironjo yao wakaimba wimbo wa taifa, mkono kifuani. Mkawasi aliusikiliza siku ya kwanza kwa adabu na siku ya pili kwa mshangao:

*Bibi Mkuu alipita, mto ukiwa mkavu,*
*akachimba kwa mguu, akachimba kwa mkonga,*
*wakanywa swala, tukanywa sisi, akanywa na mbweha mwizi.*

"Bi Siwema," aliuliza, "huyu Bibi Mkuu ni tembo?"

"Ni tembo, ndiyo. Ndiye aliyetuanzishia nchi. Unyayo wake wa kwanza ndio ninaoulinda mimi, kama alivyoulinda mama na bibi yangu."

"Na wimbo unasema yeye ndiye aliyechimba maji."

"Unasema hivyo, na sauti yake ni nzuri, sivyo?"

Siku hiyo alimpeleka kwenye Lango la Mto kumwonyesha huo Unyayo Mkuu, ambao kawa lake lilikuwa kubwa kama paa la kibanda. Mkawasi aliutazama kwa muda mrefu. Duara lilikuwa kamilifu mno. Hapakuwa na mikunjo ya ngozi wala alama za kucha.

"Umekaa vizuri sana kwa umri wake," alisema kwa uangalifu.

"Tunaukarabati," alisema Bi Siwema bila wasiwasi wowote. "Kila mwaka mpya, kwa kitako cha kinu. Mama alinirithisha kinu chenyewe. Kwani nyumba yenu ikibomoka hamuikarabati?"

Mkawasi alitaka kujibu, lakini kitu kilipumua nyuma yao. Akageuka. Nje ya ua wa miti, hatua chache tu, alisimama tembo jike, mwembamba, ngozi imemlegea mbavuni, na chini ya tumbo lake ndama. Mkonga wake ulipita kati ya miti ya ua, ukanusa upande wa mto, ukarudi.

"Huyo huja kila asubuhi," Bi Siwema alisema, na sauti yake ilishuka. "Anajua njia. Sijui ameambiwa na nani. Mwanzoni nilikuwa nagonga debe kumfukuza. Siku hizi nikimtazama namwona Tunu." Akashika ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akauachia. "Langoni hapa hupita makawa tu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bi Siwema, ambaye hajapata kuuliza swali lolote barazani, aliomba aitwe kuuliza moja: je, tembo yule aruhusiwe kuingia, akanywe?

Mkawasi aliruhusiwa kuhudhuria. Baraza la Nyayo hukutana katika ukumbi wenye viti virefu, miguu ya waheshimiwa ikining'inia. Aliyeliongoza, Mheshimiwa Pandu, alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, na nataka mjue kwamba hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mbaya, maana tungejua pa kumshika. Alimsikiliza Bi Siwema mpaka mwisho, akafuta machozi, akasema suala hili ni zito na limemgusa.

Mjumbe mmoja akapendekeza tembo afundishwe mironjo. Alipongezwa kwa ubunifu, ila fundi seremala aliyeitwa alisema hajui mti wa kutosha. Mwingine akapendekeza maji yapelekwe nje kwa tembo, na wote wakampigia makofi mpaka mtu mmoja wa nyuma akauliza ni maji gani. Ndipo Mheshimiwa Pandu alipotoa shauri lililosifiwa kuwa la karne. Tembo aingie, ndiyo, lakini asiongeze unyayo hata mmoja. Akanyage palepale alipokanyaga Bibi Mkuu, hatua kwa hatua.

"Si kufuata nyayo za wazee ndiyo adabu?" aliuliza kwa upole. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo.

Ujumbe ukatumwa langoni kumwelimisha. Wajumbe wawili walijifunga turubai la kijivu, mmoja akawa miguu ya mbele na mwingine ya nyuma, wakapita mbele ya tembo mara kadhaa wakimwonyesha namna ya kutua taratibu. Tembo aliwatazama. Ndama alitazama pia, akaegemea mguu wa mama yake. Mkawasi aliangalia nyayo za tembo yule pale nje na kuona jambo ambalo kila anayeishi na tembo hulijua: kila mguu wa nyuma ulitua mahali ulipoondoka wa mbele. Masikini alikuwa anajifuata mwenyewe miaka yote, bila kuagizwa na mtu.

Wajumbe walirudi wakitoa jasho, wakaripoti kwamba mwanafunzi ana dalili nzuri. Ilibaki kupiga kura tu. Ndipo mjumbe mmoja, mtu wa sheria, akainua mkono.

"Mheshimiwa, mama ana nyayo za bibi yake za kufuata. Huyu ndama je? Hatuna unyayo wa ndama hata mmoja katika Hifadhi Kuu. Akanyage wapi?"

Ilikuwa kweli. Walitafuta chini ya makawa yote yanayoelekea mtoni, hapakuwa na unyayo mdogo. Mheshimiwa Pandu alifuta machozi tena, akaahirisha kikao mpaka utafiti ukamilike.

Bi Siwema na Mkawasi walirudi langoni jua likiwa utosini. Ndama alikuwa amelala ubavu. Mama yake alisimama juu yake akimkinga jua kwa kivuli chake, na kila mara alimsukuma kwa mguu, polepole, kama unavyomwamsha mtoto siku ya shule. Ndama hakuinuka.

"Utafiti huchukua muda gani huku?" aliuliza Mkawasi.

"Bibi yangu aliacha mmoja ukiendelea. Bado unaendelea."

Kutoka nyumbani kwa Bi Siwema, si mbali, ilisikika sauti ya mtoto mchanga, na haikuwa sauti ya kulia kwa nguvu. Ilikuwa nyembamba na inakatikakatika. Mkawasi alijua kuna kitu kinataka kutokea na yeye ni mgeni, hana la kusema. Bi Siwema akaegemea mti wa ua. Kisha akafungua kamba za mironjo yake, moja baada ya nyingine, akashuka.

Alisimama mchangani kwa miguu mitupu. Uso wake ukabadilika.

"Una moto!" alisema. "Mkawasi, mchanga una moto! Mbona hakuna aliyetuambia?"

Akaruka mguu huu, akaruka mguu ule, akicheka na kulia, mpaka langoni. Akaingiza ufunguo. Lango lile lilikuwa halijafunguliwa zaidi ya upana wa kawa tangu lijengwe, na bawaba zake zilipiga ukelele uliosikika nchi nzima.

Tembo hakukimbia. Alipitisha mkonga chini ya ndama, akamwinua, akamsukuma kwa paji la uso mpaka akasimama kwa miguu inayotetemeka, kisha wakaingia wote wawili. Makawa yalivunjika chini yao, kracha, kracha. Njia ya kwenda mtoni ilipita juu ya Unyayo Mkuu, na Bi Siwema aliyetangulia mbele hakuukwepa. Tembo naye hakuukwepa. Ulipopita mguu wake, kazi yote ya kinu ilifutika, na pakabaki unyayo wenye mikunjo ya ngozi na alama za kucha, wa kwanza wa kweli mahali pale kwa muda mrefu.

Katikati ya mto mkavu alisimama, akanusa, akaanza. Alipiga mchanga kwa mguu, akauchota kwa mkonga, akaurusha pembeni, akapiga tena. Shimo likawa giza, kisha likawa na unyevu, kisha likang'aa. Mama alivuta maji ya mkonga mmoja akayamwaga mdomoni mwa ndama kabla hajanywa yeye.

Watu walikuwa wameshajaa ukingoni, wamekasirika, filimbi mdomoni. Lakini harufu ya maji haina mjadala. Walisogea mpaka kwenye shimo, na hapo wakagundua jambo ambalo hawakuwahi kulifikiria: mtu aliye juu ya mironjo hawezi kuinama akanywa. Wa kwanza kushuka alikuwa yule bingwa mnene wa kuteleza. Baada yake walishuka wote, wakapiga kelele kwa moto wa mchanga, wakanywa kwa viganja, wakarushiana maji, na Mheshimiwa Pandu mwenyewe alionekana akitazama vidole vyake vya miguu kwa mapenzi makubwa. Jioni ile mjukuu wa Bi Siwema aliogeshwa. Mkawasi ndiye aliyeshika beseni. Mtoto alifumbua macho, akapiga chafya, na Tunu akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi ningependa.

Asubuhi Bi Siwema alivaa nguo yake nzuri akaenda barazani kupokea adhabu. Badala yake ukumbi ulisimama. Mheshimiwa Pandu alimvika utepe shingoni mahali ulipokuwa ufunguo, akamwita Mama wa Taifa, akatangaza kwamba Tifutifu haijaona siku kama ile tangu enzi za Bibi Mkuu. Watu walimbeba begani. Bi Siwema hakuamini masikio yake. Alikuwa na ndoo mkononi, maana alipanga kupitia mtoni akitoka, na hata katika kubebwa hakuiachia.

Walipomshusha langoni, njia ya mtoni haikuwapo. Usiku kucha mafundi walikuwa wamefanya kazi. Kila alipokanyaga tembo palikuwa na kawa jipya. Kila alipokanyaga ndama palikuwa na kawa dogo, lenye utepe, kwa kuwa nyayo za ndama ni adimu. Kila alipokanyaga Bi Siwema, kutoka langoni mpaka ukingo wa maji, palikuwa na kawa lililopakwa rangi ya dhahabu. Shimo lenyewe, kwa kuwa lilizungukwa na nyayo pande zote, lilikuwa limefunikwa kawa moja kubwa kuliko yote. Tembo na ndama walikuwa wameshasindikizwa nje kwa heshima zote, kwa ngoma na nyimbo za kuwasifu.

Langoni alisimama mlinzi mpya, mwanamume wa makamo, mironjo yake bado inanuka mti mbichi.

"Shikamoo, Mama wa Taifa."

"Marahaba. Nipishe, baba, nikateke maji."

"Samahani sana, mama. Huku hakupitiki. Pana nyayo za Bi Siwema."

"Siwema ni mimi."

"Najua, mama," alisema mlinzi kwa heshima kubwa. "Ndiyo sababu."

Mkawasi alimwangalia mwenyeji wake. Alitegemea kilio, au tusi moja la kuacha alama. Bi Siwema aligeuka akarudi nyumbani na ndoo yake tupu, akaketi mlangoni juu ya ule mchanga wa vizazi, akamsikiliza mjukuu wake. Baada ya muda akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mazao:

"Kwenu, mdogo wangu, mnausukaje ufagio?"

Mkawasi alikumbuka adhabu ya kumiliki ufagio. Kisha akaona kwamba katika nchi nzima ile hili ndilo swali la kwanza lililoulizwa kwa nia ya kupata jibu.

"Hausukwi, hufungwa," alisema. "Unakusanya njiti, unazikaza kwa kamba kichwani."

Bi Siwema akaingia ndani, akatoka na kawa kuukuu lililoufunika Unyayo Mkuu enzi za bibi yake, alilolirithi pamoja na kinu. Akalishika ncha, akaanza kulifumua. Likatoa ukindu mrefu na njiti ngumu zilizonyooka, nyingi kuliko zilivyohitajika. Wakafunga pamoja, mmoja akishika, mwingine akikaza.

Akaenda langoni kwa miguu mitupu, ndoo kichwani, ufagio mkononi. Akamgeuzia mlinzi uso na mto mgongo. Akapiga hatua ya kwanza kinyumenyume, akatupa pembeni kawa la dhahabu, akafagia. Chwa. Alifagia unyayo wa jana, akafagia na ule wa sasa hivi. Akapiga hatua nyingine kinyumenyume. Chwa, chwa. Nyuma yake palikuwa na makawa, mbele yake palibaki mchanga laini usio na alama yoyote, usio na cha kufunika.

"Mama! Huo ni ufagio!" mlinzi alilia. "Unafuta nyayo za shujaa!"

"Shujaa ana mjukuu," alisema Bi Siwema bila kuinua kichwa. "Anataka maji."

Mlinzi alifungua kitabu cha sheria akili ikimruka. Adhabu ya ufagio ilikuwamo, lakini hiyo ni ya kutolewa barazani; yeye alitafuta ya kumzuia sasa hivi. Kitabu kilikataza kufuta unyayo wa mnyama, wa mzee, wa mgeni, wa jirani. Hapakuwa na mahali palipomkataza mtu kufuta wake, kwa sababu hapakuwahi kutokea aliyetaka. Watu walikusanyika juu ya mironjo wakitazama. Hakuna aliyepuliza filimbi. Mmoja wao, yule bwana mnene, alianza kufungua kamba za miguu yake taratibu, kana kwamba anajikuna tu.

Mkawasi aliondoka siku hiyohiyo, kwa kuwa msafiri mwema hujua wakati wa kuwaachia wenyeji nchi yao. Alipofika nje ya ua alimkuta tembo amesimama kivulini na ndama wake, masikio yameelekea langoni. Wote watatu walisikiliza pamoja: chwa, chwa, chwa, sauti ya mtu anayefagia kwake, ikienda upande wa maji. Bi Siwema alikuwa ameshafika mbali, na lango, lililobaki wazi tangu tembo walipotolewa, hakulifunga.

Nami hadithi yangu naiacha vivyo hivyo, wazi. Anayetaka kupita na apite.